Nambari Zilizoishia kwa Herufi

Fomu ya kuzima kompyuta ya zamani ilikuwa na nafasi ya sahihi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mkuu wa chumba cha mashine, Bwana Andrew Nyamongo, naye alitia yake tarehe kumi na nne Mei, 1976, kwa wino wa kijani. Ya pili ilikuwa ya mwenyekiti wa kamati, Mzee Manasseh Angwenyi, aliyetia yake siku hiyo hiyo akiwa amesimama, bila kuvua kofia. Ya tatu ilikuwa ya mkuu wa watoboaji kadi, Tryphosa Gesare. Fomu ilifika mezani kwake Ijumaa hiyo jua likielekea kuzama.

"Sabato inaingia," Gesare alisema, huku akifunika mashine yake ya kutobolea. "Niletee Jumatatu."

"Ni sahihi tu, Dada," Bwana Nyamongo alimwambia. "Si kazi."

"Wewe ni Mkatoliki, andika hata Jumapili. Mimi nikishika kalamu ofisini, nimefanya kazi."

Wasichana wa kutoboa kadi walicheka, na Bwana Nyamongo akacheka pamoja nao. Alidhani anangoja siku tatu. Alingoja miezi mitano.

Wakati huo nilikuwa nikitunza stoo ya kadi na karatasi katika Umoja wa Wakulima wa Gusii Juu, mjini Kisii, na nilikuwa na mazoea ya kuandika jioni yale niliyoyaona mchana. Haya nimeyatoa katika madaftari hayo. Pale ambapo sikuwapo, nimeandika kama Gesare alivyonieleza, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi.

Alizaliwa Birongo, mtoto wa tatu kati ya saba. Alifika kidato cha pili, kisha baba yake akafariki na akarudi nyumbani kumsaidia mama yake kwenye migomba. Mwaka 1965 Umoja ulinunua kompyuta yake ya kwanza, ambayo tayari ilikuwa imetumiwa na wengine, na ukatangaza kwamba unatafuta wasichana wenye vidole vyepesi na wanaojua kusoma Kiingereza. Walikuja arobaini. Wakachaguliwa sita. Gesare alipelekwa Kisumu miezi mitatu kujifunza, akarudi anatoboa kadi haraka kuliko aliyemfundisha. Aliolewa na mwalimu, akazaa wanne, na hakuwahi kukosa kazini isipokuwa kwa uzazi na kwa Sabato.

Mashine hiyo ya kwanza ilijaza chumba kizima. Ilipokuwa ikifanya kazi, vikombe vya chai vilitetemeka katika ofisi ya pili. Kazi yake kubwa ilikuwa orodha ya wakulima wa chai. Kila mkulima alikuwa na kadi yake, na kila miezi mitatu mashine ilisoma kadi zote na kuchapa orodha ya kila kituo cha kupokelea majani. Karani wa kituo aliibandika ukutani. Kama humo ndani hukuwamo, hakupokea majani yako, hata angekuwa shemeji yako. Na majani ya chai hayangoji. Yakichumwa asubuhi na yasipopokelewa hadi jioni, yamekwisha.

Sasa kadi yenyewe. Ina safu themanini, na katika kila safu mtoboaji anatoboa tundu mahali pa tarakimu anayoitaka, kuanzia sifuri hadi tisa. Juu ya sifuri kuna nafasi mbili zaidi. Ukitoboa tundu la tarakimu na tundu moja la juu katika safu hiyo hiyo, mashine inasoma herufi. Ndivyo majina yalivyoandikwa. Kadi ya mkulima ilichorwa Nairobi na watu waliokuwa na haraka. Walijaza safu zote themanini, wala hawakuacha hata moja wazi. Walichukulia kwamba mkulima ni mwanamume, ana shamba moja, na nambari yake ina tarakimu nne.

Mwezi Agosti, 1966, mwanamke aliingia chumba cha kutoboa kadi akiwa na matope hadi magotini. Aliitwa Nyangate. Mume wake alikuwa Manasseh Angwenyi, ambaye wakati huo hakuwa mwenyekiti wa chochote. Manasseh alikuwa na boma lake Birongo, na Wazungu walipoondoka alipata pia kipande cha ardhi Nyansiongo, katika mashamba yale yaliyogawanywa. Mke wa kwanza alibaki Birongo. Nyangate, mke wa pili, alipelekwa Nyansiongo, akakata vichaka, akapanda miche ya chai mia nane.

"Wameniandika ndani ya mume wangu," alimwambia Gesare. "Mume wangu yuko kwenye orodha ya Birongo. Majani yangu yako Nyansiongo. Niyabebe kichwani mpaka Birongo?"

"Wewe ni nyumba ya ngapi?"

"Ya pili. Hata chai yenyewe ukiiuliza itakwambia."

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo. Kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina shamba lake, ghala lake na jembe lake. Mke wa kwanza hawezi kuvuna kwa wa pili, na mume mwenyewe akitaka mahindi kutoka ghala la nyumba fulani anaomba kwanza. Jambo hilo linajulikana na kila mtoto. Halikujulikana na kadi.

Gesare aliitazama kadi ya Manasseh, nambari 2047. Akachukua kadi mpya, akatoboa 204, na alipofika kwenye saba akaishikilia kadi isisogee, akatoboa saba pamoja na tundu la juu katika safu ile ile. Mashine iliposoma kadi hiyo, ilichapa 204P. Gesare akaandika kituo cha Nyansiongo na jina la Nyangate. Orodha ya Oktoba ilipobandikwa, Nyangate alikuwamo, na majani yake yakapokelewa.

Kisha akaja mwingine, na mwingine. Kwa nyumba ya pili Gesare alitumia tundu la chini kati ya yale mawili ya juu, na kwa nyumba ya tatu akatumia lile la juu kabisa. Mke wa tatu wa mwenye nambari 2047, kama angekuwapo, angekuwa 204G. Wanawake walizoea. Vituoni walisikika wakiitana, "Wewe P, sogea," na "M amechelewa leo." Gesare aliwafundisha wasichana wake watano namna ya kufanya. Hakuandika jambo hilo katika kitabu cha maelezo, na hakumwomba mtu ruhusa. Alijua kwamba akiomba atakataliwa. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na yeye mwenyewe alilisema kabla ya mtu mwingine kulisema.

Mashine ya pili ilikuja mwaka 1974. Haikuzidi ukubwa wa kabati mbili za nguo. Onsongo, fundi wa mashine, aliipa jina siku hiyo hiyo. Ile ya zamani ikawa Mke Mkubwa na hii ikawa Mke Mdogo, na majina hayo hayakutoka tena, ingawa Bwana Nyamongo aliyachukia. Yeye alikuwa na miaka thelathini na moja, ametoka kusomea mambo hayo Uingereza, mtu nadhifu aliyechonga penseli zake zote asubuhi kabla ya kuketi.

Alitueleza tofauti ya mashine hizo mbili kwa subira. Ile sehemu inayofikiri, ambayo wahandisi wanaiita prosesa, haikuwa imeundwa kwa namna moja. Ya zamani ilisoma alama moja moja, kama mtoto anayesoma kwa kidole. Kwake 7 ni alama na P ni alama, na hakuna iliyo bora. Mpya ilikusanya tarakimu zote za nambari, ikazifanya kitu kimoja, ikakibeba kwa mara moja. Ndiyo sababu ilikuwa na mbio. Ndiyo sababu pia programu za zamani hazikuweza kuhamishwa tu kama viti. Ilibidi ziandikwe upya, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza mashine mpya iliiga ile ya zamani. Ilikuwa na njia ya kujifanya Mke Mkubwa, kusoma alama moja moja na kujibu kama ambavyo yeye angejibu, ila polepole. Orodha zilitoka sawa, nambari za herufi zikiwamo, na hakuna aliyeona jambo. Kisha njia hiyo ikafutwa ili kupata nafasi kwenye kumbukumbu, na orodha ya wakulima ikarudi kwa Mke Mkubwa. Bwana Nyamongo aliandika upya programu ya miche, kisha ya mbolea, kisha ya mishahara. Orodha ya wakulima aliiacha ya mwisho kwa kuwa ndiyo ndefu. Aliimaliza Mei 1976, na ndipo fomu ya sahihi tatu ikatoka.

Jumatatu ile Gesare hakutia sahihi. Aliomba orodha zote mbili, ya Mke Mkubwa na ya Mke Mdogo, akazilaza mezani, akaweka juu yake kipande cha lile jiwe laini la vinyago litokalo Tabaka ili zisijikunje, akaanza kuzipitia kwa rula mstari kwa mstari. Saa nne asubuhi alikwenda kwa Bwana Nyamongo, nami nilikuwa mlangoni na maboksi ya karatasi.

"Orodha ya zamani ina watu elfu tano mia tisa na wawili," alisema. "Yako ina elfu tano mia mbili themanini na wanane."

"Najua. Ile ya zamani ilikuwa imejaa takataka. Mashine mpya imezitoa." Akafungua faili. "Kadi mia nne thelathini na moja zilikuwa na nambari iliyo chini ya sifuri. Kadi mia moja themanini na tatu zilirudia nambari ambayo ipo. Zote nimeziondoa."

"Chini ya sifuri?"

"Tundu la ziada juu ya tarakimu ya mwisho. Kwa mashine hii maana yake ni alama ya kutoa. Hasi elfu mbili arobaini na saba, kwa mfano. Na lile la juu kabisa ni alama ya kujumlisha, kwa hiyo nambari inabaki ile ile."

Gesare aliinamia faili kama anayesoma. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akijizuia asicheke.

"Bwana Nyamongo, umewahi kukutana na mtu aliye chini ya sifuri?"

"Ni kasoro za kadi, Dada."

"Si kasoro. Ni wake wa pili. Na hao unaosema wamerudiwa ni wake wa tatu. Mashine yako imewageuza kuwa waume zao."

Bwana Nyamongo aliweka penseli chini. "Nani alitoboa matundu hayo?"

"Mimi."

"Kwa miaka mingapi?"

"Kumi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya Nyangate wa Nyansiongo."

"Huyo ni nani katika Umoja huu?"

"Ni 204P," Gesare alisema. "Na hiyo fomu imeandikwa kwamba orodha mbili zinalingana. Hazilingani. Sitatia sahihi."

Bwana Nyamongo alikasirika, na sikumlaumu. Alikuwa amekaa miezi saba juu ya programu hiyo, kumbe chini yake kulikuwa na siri ya watoboaji kadi. Alimwambia kwamba mtu anayevunja maelezo ya kadi hana haki ya kudai mashine imtii. Gesare akakubali kwamba alivunja maelezo. Akarudi mezani kwake, akaendelea na kazi, na fomu ikabaki na nafasi moja wazi. Na kwa kuwa sheria ya ofisi ilisema mashine haizimwi bila sahihi tatu, orodha ya Julai ilichapwa na Mke Mkubwa, na wanawake mia sita na kumi na wanne wakabaki ukutani.

Kamati ilimwita Gesare tarehe za mwisho za Juni. Chumba kilijaa. Mzee Manasseh aliketi katikati. Ni lazima niseme kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba akisema jambo limekwisha, limekwisha.

"Boma moja, nambari moja," alisema. "Mimi ndiye mkulima. Wake zangu wananisaidia. Kuna ugumu gani hapo?"

"Mzee, majani ya Nyansiongo yatapokelewa wapi?"

"Kwa nambari yangu."

"Nambari yako iko kituo cha Birongo. Kadi ina nafasi ya kituo kimoja tu. Yatatembea yenyewe?"

Wawili watatu walicheka. Manasseh aliwageukia wakaacha.

"Msichana, nilimjua baba yako," alisema. "Hakuwa akinijibu hivi."

"Baba yangu hakuwa na nambari ya chai, Mzee. Hakuwa na sababu."

"Unataka kutawala boma langu kwa kutoboa karatasi?"

"Boma lako uliligawa wewe mwenyewe, Mzee. Ulimpa Nyangate shamba mbele ya ndugu zako. Mimi nimeandika ulichofanya. Mashine ya zamani inakijua. Hii mpya haikijui, na nyinyi mnataka niseme zinalingana. Yaya, hapana. Andikeni nyinyi."

Walijadiliana nusu saa bila yeye. Walipomrudisha walimsomea uamuzi: atie sahihi kabla ya orodha ya Oktoba, la sivyo atapewa barua ya kufukuzwa. Gesare aliuliza kama anaweza kurudi kazini kwa sababu kulikuwa na kadi za mbolea zikingoja.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, alikuja stoo. Vitabu vya maelezo vya mashine mpya Bwana Nyamongo alivifungia kabatini, lakini seti ya akiba ilikuwa kwangu, ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa. Alikiomba kile kinachoeleza jinsi mashine inavyosoma kadi. Kilikuwa na kurasa zaidi ya mia sita. Nilimpa, nikaandika kwenye daftari la stoo kama ninavyoandika kila kitu, kwamba kitabu kimetoka na kimekwenda kwa nani.

Alikisoma wiki saba, kurasa kumi au kumi na tano kila mchana, akiwa na kamusi na ndizi mbili. Wasichana wake walimtania. Bonareri, mdogo wao, alimwuliza kama Mungu ametokea tayari au bado yuko kwenye kizazi cha Ibrahimu. "Bado wanahesabu makabila," Gesare alimjibu. Katikati ya Agosti alifika ukurasa wa mia tatu themanini na nane, akauandika kwenye karatasi, akaenda nao kwa Bwana Nyamongo. Onsongo alikuwa humo akikaza skrubu.

"Hapa wanasema mashine inaweza kuamriwa isome safu ya kadi kama ilivyo," alisema. "Tundu ni tundu. Isifikirie maana yake."

Bwana Nyamongo hakuitazama karatasi. "Najua ukurasa huo. Hiyo ni kwa kadi za kigeni. Inamaliza nafasi kwenye kumbukumbu, halafu ni lazima niandike maana ya kila tundu mwenyewe. Ni kazi ya wiki nyingi, kwa ajili ya kosa lako."

"Ni kosa langu, ndiyo. Nimekuuliza kama inawezekana."

"Hilo si swali."

"Mimi naona ni swali." Akamgeukia Onsongo. "Fundi, Mke Mkubwa anawasoma wake wa pili?"

"Tangu siku ya kwanza," Onsongo alisema kutoka chini ya mashine.

"Na Mke Mdogo?"

"Ee, huyo hawezi. Huyo ni wa mjini, hajui boma."

"Anaweza," Bwana Nyamongo alisema kwa ukali. "Nani amesema hawezi? Anaweza kufanya lolote analofanya huyo mzee wenu, mara ishirini kwa haraka zaidi."

"Basi nimesikia," Gesare alisema, akaiacha karatasi mezani na kutoka.

Siwezi kusema ni kitu gani kilimgeuza Bwana Nyamongo. Labda ni dharau ya Onsongo. Labda alikuwa amekaa na zile kadi mia sita na kumi na nne akaona majina. Mama yake Bwana Nyamongo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa wa nyumba ya tatu. Ninachojua ni kwamba wiki iliyofuata aliomba kadi arobaini za herufi, na wiki iliyofuata tena akaomba zote. Hakumwambia Gesare. Hakuiambia kamati pia.

Mwezi Septemba, siku kumi kabla ya orodha kuchapwa, mkanda wa Mke Mkubwa ulikatika. Mikanda ya aina hiyo ilikuwa haitengenezwi tena popote. Mzee Manasseh alipopata habari alikuja mwenyewe, akatazama mashine ikiwa kimya, akasema kwamba Mungu ametia sahihi ya tatu.

"Mungu ana mwandiko mzuri kuliko huo," Gesare alisema.

Onsongo alikata kipande cha mkanda wa mashine ya kusagia mahindi, akakishona kwa nyuzi za ngozi ya ng'ombe, akakitia. Mashine ilinguruma na kunuka kama duka la viatu, lakini orodha ya Oktoba ilitoka, na wanawake walikuwamo. Onsongo alituambia kwamba mshono huo hautafika Januari. Gesare naye alikuwa ameshapita siku aliyowekewa. Barua yake ya kufukuzwa ilikuwa imechapwa taipu, iko kwenye droo ya mwenyekiti, haina tarehe.

Jumatatu ya tarehe kumi na moja Oktoba, Bwana Nyamongo aliingia chumba cha kutoboa kadi akiwa amebeba orodha mbili, akaziweka mbele ya Gesare. Ya mashine mpya ilikuwa na herufi. 204P alikuwapo, Nyangate, kituo cha Nyansiongo. Gesare aliipitisha rula siku nzima. Mzee Manasseh aliitwa, akaketi kwenye kiti cha Bonareri akipiga fimbo yake sakafuni polepole. Kufika jioni Gesare alikuwa hajamaliza. Jumanne saa tano asubuhi akainua kichwa.

"Mia sita na kumi na watatu," alisema. "Mmoja hayupo."

"Nani?" Bwana Nyamongo aliuliza.

"Nyamusi, nyumba ya tatu, wa upande wa Keroka."

Mzee Manasseh alisimama. "Mtu mmoja! Tia sahihi. Huyo ataongezwa kwa mkono."

"Kwa mkono wa nani, Mzee?"

"Wa karani wa kituo."

"Karani wa kituo hamjui Nyamusi. Anaujua ukuta."

"Mtu mmoja kati ya elfu tano!"

"Majani yake yanaharibika jioni kama ya wengine."

Bwana Nyamongo alikuwa tayari amekwenda kuitafuta kadi. Aliirudisha akiishika pembeni kwa vidole viwili, akaiinua dirishani. Kulikuwa na doa la mafuta, pengine la andazi la wiki hizo za karibuni, juu ya safu ile ile ya tarakimu ya mwisho. Mashine ya zamani ilipapasa kadi kwa waya, na waya haupiti kwenye doa. Mpya ilisoma kwa mwanga, na mwanga ulipenya karatasi yenye mafuta kama tundu. Kwa mashine mpya, Nyamusi alikuwa na matundu matano mahali pa mawili.

"Huyu ni halali," alisema Bwana Nyamongo taratibu, kama mtu anayezungumza peke yake. "Mashine imesoma vibaya."

Gesare alitoboa kadi mpya. Bwana Nyamongo aliipeleka mwenyewe, na orodha ya kituo hicho ikachapwa upya. Nyamusi alikuwamo. Gesare alichukua fomu, akasoma tena maneno yake yote, akatia sahihi: T. Gesare, 12 Oktoba 1976. Mke Mkubwa alizimwa siku hiyo saa nane mchana. Onsongo ndiye aliyeshusha swichi, na alikaa kando yake mpaka ilipopoa.

Mzee Manasseh hakuipa tarehe ile barua ya kufukuzwa. Aliandika nyingine. Ilisema kwamba Tryphosa Gesare, kwa kutoboa kadi kinyume cha maelezo kwa muda wa miaka kumi, anaondolewa ukuu wa watoboaji na kurudishwa kuwa mtoboaji wa kawaida kuanzia Novemba mosi. Ilimtaka pia aandike kwamba anaomba radhi na kwamba hatarudia tena. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akahamia meza ya nyuma karibu na dirisha, na Bonareri akaketi mbele akiwa amekaribia kulia.

"Kaa sawa," Gesare alimwambia. "Mkuu hakai hivyo."

Siku tatu hakujibu. Siku ya nne aliandika, na nakala ya jibu hilo ipo kwangu kwa sababu karatasi ilitoka stoo. Aliandika kwamba ameipokea barua na ameiacha nafasi aliyoondolewa. Kuhusu radhi, aliandika kwamba hana ya kuomba, kwa kuwa hakuandika nyumba yoyote ambayo haikuwapo. Kuhusu kurudia, aliuliza kamati imwelekeze. Mkulima mmoja wa Birongo ameoa mke wa nne. Mke huyo amesimama mlangoni tangu asubuhi na shamba lake liko kituo kingine. Matundu ya juu ni mawili tu, na yote yametumika. Je, kamati imemwekea safu ipi?

Kamati haikujibu. Mwezi mmoja baadaye Bwana Nyamongo alishuka na mchoro mpya wa kadi, aliouchora mwenyewe kwa penseli iliyochongwa vizuri. Safu iliyokuwa ya kuandika kama mkulima ni "Bw." ilikuwa imefutwa. Mahali pake paliandikwa "Nyumba", kuanzia moja hadi tisa. Aliuweka mchoro kwenye meza ya Bonareri kama sheria ilivyotaka, akapita hadi meza ya nyuma.

"Tisa zinatosha?" alimwuliza Gesare.

"Kwa sasa," alisema, na akanyoosha mkono kwa yule mke wa nne, aliyekuwa amerudi mlangoni, ampe jina lake.